Maji Yapite, Yasikae

Ok-bun, leo nimezitupa zote.
Chungu kizima, cha siku ya nne,
chipukizi ndefu kama kidole changu cha kati,
vichwa vya njano vimeinama pamoja
kama watoto wa shule wanaosubiri kuitwa majina.
Nilifunua kitambaa cheusi, nikanusa.
Haikuwa harufu ya soya.

Usiniulize kama nina hakika.
Vinywele vya mizizi navijua sasa:
ukivimwagia maji vinalala, vinapotea.
Hiki hakikulala. Ulikuwa ute,
ukanifuata kidoleni kama uzi wa gundi.
Nikajua ni ule usiku wa Jumanne.
Kengele ya saa tisa ililia,
nikaizima kwa kiganja, nikasema
soya haifi kwa kiu ya usiku mmoja.
Haikufa kwa kiu.
Ilipata joto, imebanana gizani,
na kisahani chini yake kimejaa maji
niliyosahau kuyamwaga.

Uliniambia mara ngapi?
Yapite, yasikae.
Miaka arobaini na miwili nilikusikia jikoni usiku,
mimi, fundi bomba wa Jeonju nzima,
nikidhani ni bomba la jirani linavuja.

Basi nimeanza upya. Sikiliza, unisahihishe.
Chungu nimekisugua tundu kwa tundu
kwa mswaki wako wa zamani (usikasirike),
nikakimiminia maji yanayotokota,
nikakiacha kikauke dirishani
theluji ikianguka upande wa pili wa kioo.
Mikono kwa sabuni hadi viwikoni.
Soya nimechukua kwa Bibi Gil-rye, zile za kuotesha kwa kula,
si zile za shambani zilizopakwa dawa.
Alizimwaga mezani, tukachagua
zilizopasuka, zilizotobolewa, zenye doa.
Iliyovunjika haioti, alisema, inaoza tu,
na ikioza haiozi peke yake.
Zilizobaki alizihesabu kama anayerudisha chenji.

Zimelala majini usiku mmoja.
Sasa zimo chunguni. Kila saa tatu
nawasha taa ndogo, si ile kubwa,
maana mwanga ukiziona zinageuka kijani,
zinakuwa chungu ndani ya chungu.
Nazimwagia vikombe vitano vya maji baridi,
nasikiliza yakishuka mpaka tone la mwisho.
Maji haya yakimwagika sitaki yazolewe.

Jana Nesi Pyo alinisimamisha kwenye lifti.
Alijua nilichoficha ndani ya koti.
Damu yake haina askari wa kutosha, alisema,
kibichi hapana, hata kikitoka mkononi mwako.
Hasa kikitoka mkononi mwako.
Akacheka, kisha hakucheka.
Vijidudu vingine havina ute wala harufu,
hujificha kwenye mbegu tangu shambani.
Pua yako haijui, mzee. Chemsha.

Pua yangu haijui.
Nimeshinda na neno hilo kutwa nzima,
mimi niliyekuwa nikinusa gesi
kabla mashine haijalia.

Kwa hiyo Jumapili nitazichemsha zote, zilainike,
na kifuniko sitakigusa. Hilo nalikumbuka:
ama ufunike mpaka mwisho, ama uache wazi mpaka mwisho,
mwenye kuchungulia katikati
hula harufu ya maharage mabichi.
Mimi ni mtu wa kuchungulia, unanijua.
Nitasimama mikono mfukoni.
Kitunguu saumu, chumvi kidogo tu
kwa ajili ya vidonda vya ulimi wako,
kisha chupa ya chai, kisha basi.

Na nikizitilia shaka, Ok-bun,
nitakuja mikono mitupu.
Utanuna. Nitakaa kwenye kiti kile cha plastiki
tunune wote wawili.

Saa tisa inakaribia.
Kengele nimeiweka mbali na kitanda,
ndani ya sufuria,
ilie.